Okidi imefika imevunjika: weka kwanza chini kopo la maji

Boksi lilikuwa limelala ubavu chini ya gunia la mchele. Muuzaji alikuwa amechora mshale mkubwa kuonyesha upande wa juu, na kweli mshale ulikuwapo, ila ulikuwa umeelekea Ujiji. Mzigo ulitoka Arusha Jumatatu. Basi likaharibika njiani, abiria wakahamishiwa gari jingine, mizigo ikalala. Nilipopigiwa simu niende stendi hapa Kigoma ilikuwa Ijumaa saa nane mchana, mwezi wa tisa, jua la kupasua kichwa. Ndani ya boksi mlikuwa na okidi moja aina ya Phalaenopsis, ile yenye majani mapana manene kama ulimi wa ng'ombe na maua yanayofanana na vipepeo waliopanga foleni. Vipepeo wote walikuwa wamedondoka. Kikonyo chao kimevunjika, jani moja limepasuka katikati, na mengine matatu yamelegea kama mchicha wa jana.

Sijamaliza kubandua gundi, shangazi wa nyumba ya pili ameshafika na kopo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mpe maji huyo, mwanangu, amekufa kiu."

"Tusubiri kidogo."

"Tusubiri nini, amalizike?"

Hakukosea kuuliza. Karibu kila anayepokea okidi iliyoumia hufanya alichotaka kufanya shangazi, na mmea uliovumilia siku tano ndani ya buti la basi unakuja kufia dirishani kwa mtu anayeupenda, wiki ya tatu, ukiwa umelowa chapachapa. Safari inaumiza okidi, hilo halina ubishi. Lakini nyingi ninazozijua zilizokufa baada ya safari ziliuliwa na huruma.

Mimea tuliyokua nayo imetuzoesha jambo moja. Mhindi ukinyauka unaumwagilia, jioni umesimama. Ni kwa sababu mizizi yake iko udongoni, mizima, inasubiri tu kitu cha kunywa. Okidi hizi za kupamba nyumba nyingi haziishi udongoni kabisa. Phalaenopsis asili yake ni misitu ya joto ya Asia, Ufilipino na Indonesia na huko jirani, na inakaa juu ya miti. Huku kwetu anayefuata mizinga ya nyuki kwenye miombo ya Tabora huenda amekwisha kumwona ndugu yake bila kumjua jina: Ansellia africana, okidi yenye maua ya manjano yaliyomwagiwa madoa ya kahawia kama ngozi ya chui, imejishika kwenye panda la mti. Baadhi ya mizizi yake husimama wima kama sindano na kukinga majani makavu yanayodondoka. Yakioza, inapata chakula chake hapo hapo. Mti wenyewe hainyonyi, imepanga chumba tu.

Mpangaji wa namna hiyo anaishi kwa mvua inayopita. Mzizi wake umevikwa gamba nene mfano wa sponji, lililojengwa na seli zilizokwisha kufa. Mvua ikinyesha, gamba hilo linafyonza maji mara moja na mzizi unabadilika kuwa wa kijani, kwa kuwa ukijani wa ndani sasa unaonekana. Upepo ukipita, linakauka na kurudi rangi ya fedha. Kunywa, kukauka, kupumua, halafu kunywa tena. Ukiuacha mzizi huo ndani ya maji au udongo mzito kwa siku nyingi, unakosa hewa, unakufa na kuoza. Ndiyo maana okidi hupandwa kwenye vipande vya magome, makumbi ya nazi au mkaa. Anayeitia udongo wa bustani na samadi, kwa nia njema kabisa, ameifukia ingali hai.

Sasa tatizo liko hapa. Jani lililolegea linasema maneno mawili yanayopingana kwa sauti ile ile. Linaweza kusema "mizizi yangu ni mizima ila imekauka", na hapo maji ni dawa. Linaweza pia kusema "mizizi yangu imeoza, maji yapo lakini sina cha kunywea", na hapo kila kopo unaloongeza linaozesha kilichobaki. Ukiangalia majani peke yake huwezi kujua ni lipi. Sharti ushuke chini.

Nikaitoa okidi kwenye kopo lake juu ya gazeti, taratibu, nikakung'uta magome, nikamwita shangazi ashike mzizi mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada. Ulikuwa mgumu, umejaa, kama kijiti cha maharage mabichi. Nikampa wa pili. Huo ulibonyea, na alipouvuta kidogo ganda lote likavuka kama mtu anayevua soksi, ukabaki uzi mwembamba umening'inia. Akautazama uzi, akanitazama mimi.

"Huu ndio nilitaka kuunywesha?"

Ndio huo. Tulihesabu mizizi 11. Iliyo hai ilikuwa 7, na hiyo ni hali nzuri kuliko nilivyotegemea.

Kidole kinaaminika kuliko jicho, kwa sababu rangi inadanganya. Mzizi uliokaa ndani ya kopo jeusi huwa wa njano iliyofifia au umepakwa rangi na magome, na bado ni mzima. Ukiwa mgumu, usiuguse. Hata mzizi uliochubuka gamba katikati lakini ncha yake ikawa ngumu, uache. Ule uzi wa ndani ndio unaopitisha maji, na kama haujakatika unaweza kuendelea na kazi. Iliyobonyea na kutoa maji ya kahawia ndiyo ya kukata.

Kuhusu kukata kuna jambo watu wanalipita haraka. Zipo virusi za okidi ambazo husafiri kwa mkasi kutoka mmea hadi mmea, na mmea ukishazipata hakuna dawa. Spiriti husaidia dhidi ya bakteria na ukungu, kwa virusi haitoshi. Mimi nachoma makali ya mkasi kwenye moto wa jiko la gesi, nasubiri yapoe, nakata. Nikihamia mmea mwingine nachoma tena. Ukiwa na okidi moja tu nyumbani unaweza kuona ni usumbufu wa bure, lakini mkasi huo huo jana ulikuwa unakata nini?

Halafu kuna lugha ya "kutibu", ambayo inatupotosha tangu mwanzo. Ngozi ya mtu ikikatika inaungana. Jani la okidi halifanyi hivyo. Mmea hauungi jeraha, unaliziba. Seli zilizo kando ya mpasuko zinajigeuza kuwa ukuta mkavu, na sehemu iliyo nje ya ukuta inaachwa. Jani lililopasuka litakuwa na mpasuko huo mpaka siku litakapodondoka. Kwa hiyo ukikaa kusubiri jani lirudi kama zamani, utaona kila kitu kimeshindikana wakati mmea unaendelea vizuri. Kinachosubiriwa ni kipya, yaani ncha ya mzizi au jani changa.

Ukishalikubali hilo, maamuzi mengi yanakuwa mepesi. Lile jani langu lililopasuka nililiacha. Lilikuwa limekauka kwenye mpasuko, halina unyevu, na nusu yake ya chini bado ilikuwa ya kijani, maana yake bado linapika chakula. Mmea wenye majani manne si tajiri wa kutupa jani kwa sababu ya sura. Hata jani linalogeuka njano liache lidondoke lenyewe, kwani mmea unarudisha ndani kilichomo kabla ya kuliachia. Kidonda kibichi cha jani unaweza kukinyunyizia unga wa mdalasini ukauke, lakini usiuweke kwenye mizizi, unaikausha nayo. Shangazi alipendekeza asali, tena ya Tabora. Nilimwambia asali ya Tabora ni ya kuliwa, na sisimizi wa nyumba hii wanakubaliana nami.

Kikonyo kilichovunjika, kata. Kama kingekuwa kimepinda tu na maua bado yapo, ningekifunga kijiti na utepe, kwani kinaweza kuendelea kupitisha maji. Lakini mmea uliopoteza mizizi karibu nusu hauna sababu ya kulisha maua. Kama yako yana maua yaliyobaki, yaweke kwenye glasi ya maji mezani, yatakaa siku kadhaa na utapata angalau sehemu ya hela yako.

Na kwa nini machipukizi ya maua yalidondoka hata yale ambayo hayakuguswa? Hapa stendi ilinipa jibu bila kuulizwa. Kwenye chumba cha mizigo, pembeni ya boksi langu, kulikuwa na mikungu miwili ya ndizi imeshaanza kuiva. Kila mtu wa huku anajua kuvundika ndizi: unazifunika pamoja, mbivu zinaziivisha mbichi. Kinachofanya kazi hiyo ni gesi iitwayo ethilini, ambayo tunda linaloiva huitoa. Gesi hiyo hiyo, kwa ua la okidi, ni amri ya kuzeeka. Likiipata kwenye chumba kisicho na hewa linanyauka, na chipukizi linageuka njano na kuanguka. Giza na joto la buti navyo vina mkono wao. Maua yanapotea, ila mmea wenyewe haufi kwa ajili hiyo. Hiyo ndiyo hasara inayotisha zaidi machoni na yenye uzito mdogo kuliko zote.

Yenye uzito mkubwa inajificha katikati ya majani. Phalaenopsis hukua kutoka sehemu moja tu, moyo ule ambao jani jipya huchomoza. Haina akiba ya mahali pengine pa kuendelea kurefuka. Moyo ukivunjika, au ukijaa maji njiani ukaoza, majani ya katikati yanang'oka ukiyavuta kidogo tu na chini yake pamekuwa peusi. Wengi hutupa mmea hapo. Si lazima. Kama majani ya pembeni na mizizi ni hai, mmea unaweza kutoa mtoto ubavuni, karibu na shina, au kwenye kifundo cha kikonyo. Wafugaji wa okidi huita mtoto huyo keiki, neno la Kihawaii lenye maana hiyo hiyo. Ni kazi ya miezi mingi na haina dhamana. Okidi za jamii ya Dendrobium na Cattleya zina bahati zaidi, kwani zina mashina mengi yaliyovimba yenye akiba ya maji, na chini ya kila shina kuna macho yaliyolala. Shina moja likivunjika, jicho la jingine linaamka. Kwa hiyo kabla ya kuhukumu mmea wako, ujue kwanza ni wa ukoo gani.

Nilikagua moyo wa okidi yangu kwa tochi ya simu. Mkavu, wa kijani. Hapo ndipo nilipoanza kuwa na matumaini.

Kuna jeraha moja ambalo halisubiri kesho: doa linaloonekana kama limelowa, la kahawia au jeusi, linalopanuka ukilitazama asubuhi na jioni, mara nyingine likitoa harufu mbaya. Hilo ni ozo la bakteria au ukungu, na linapenda sana mmea uliofungiwa na unyevu ndani ya boksi la moto. Likate siku hiyo hiyo, na usikate pembezoni mwa doa, kata ndani ya sehemu nzima, sentimita moja au mbili mbele. Doa kavu lisilosogea halina haraka. Piga picha zote siku ya kwanza. Utazihitaji kwa muuzaji, lakini faida kubwa ni kwamba siku ya tatu utaweza kulinganisha. Majeraha ya joto yana tabia ya kuchelewa: jani linafika likionekana zima, siku mbili tatu baadaye linakuwa kama limechemshwa. Mtu akidhani ni kosa lake, anaanza kubadilisha kila kitu.

Haya, maji sasa. Baada ya kukata niliuacha mmea kivulini, mizizi wazi, usiku mzima na siku iliyofuata, vidonda vikauke. Shangazi alipita mara tatu na kila mara aliguna. Jumapili asubuhi ndipo nilipochovya mizizi mizima kwenye maji kwa nusu saa, majani na moyo vikiwa nje, na tukaiona ikigeuka kutoka fedha kuwa kijani. Ile iliyogeuka ilikuwa inakunywa. Mmoja ulibaki wa kahawia, tukajua hesabu yetu ya 7 ilikuwa 6.

Na si maji yoyote. Maji ya bomba letu yanatoka ziwani, na Ziwa Tanganyika lina alkali nyingi, pH yake inakaribia 9, na limebeba madini mengi, magnesiamu hasa. Sisi tunayanywa na samaki wanayafurahia. Okidi imezoea maji ya mvua, mepesi, yenye asidi kidogo. Mmea mzima wenye mizizi mingi utavumilia maji ya ziwa ukiuosha mara kwa mara, lakini mgonjwa mwenye mizizi sita ukimpa hayo, yanapokauka yanaacha chumvi kwenye gamba la mzizi na kuunguza ncha. Nilitumia maji ya mvua ya msimu uliopita yaliyobaki kwenye tangi la jirani. Ukikinga kwenye bati, ya mwanzo yaache yapite, yanaosha vumbi la kiangazi chote.

Kwa sababu hiyo hiyo mbolea ni marufuku kwa sasa. Mtu yeyote wa Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, ameona samaki akipakwa chumvi: anatoka maji. Mbolea ni chumvi. Ukiiweka nyingi kuzunguka mzizi dhaifu, badala ya maji kuingia yanatoka. Maji ya sukari, ambayo kila kikundi cha simu kina mtu wa kuyasifu, yanalisha ukungu.

Kinachousaidia mmea usio na mizizi ya kutosha ni kupunguza matumizi, na hapo kuna jambo linalonifurahisha kuhusu Phalaenopsis. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana na kupoteza maji kwa jua. Hii hufungua usiku, inavuta hewa ya ukaa na kuiweka akiba, kukipambazuka inafunga na kuendelea kupika ndani. Ni mmea uliokwisha kujifunza kubana matumizi. Kazi yako ni kuusaidia usiku uwe na unyevu. Mwezi wa tisa Kigoma hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka, kwa hiyo nilichukua ndoo ya plastiki inayoonyesha, nikatandika chini taulo lililoloa, nikaweka juu yake kopo lililogeuzwa, na mmea juu ya kopo ili mizizi isiguse maji. Kifuniko kikakaa nusu wazi. Asubuhi na jioni nilifungua kabisa robo saa hewa ipite, kwa kuwa unyevu bila hewa unaalika lile ozo la bakteria tena. Ndoo ilikaa ndani, mbali na dirisha linalotazama ziwa. Jani lililotoka kwenye giza la siku tano ukiliweka kwenye jua la saa tisa linapata doa jeupe, halafu la kahawia, na hilo halirudi. Joto la nyuzi 20 hadi 30 linatosha. Na iwe mbali na mimea yako mingine kwa wiki kadhaa, huwezi kujua imesafiri na wadudu gani.

Wiki mbili baadaye niliipanda kwenye kopo la plastiki lililotobolewa matundu mengi, ndani vipande vya mkaa ukubwa wa kidole gumba vilivyooshwa mpaka maji yakawa meupe, vikichanganywa na makumbi. Kopo la kuonyesha lina faida: unaiona mizizi. Ikiwa ya fedha na ukuta wa kopo hauna umande, nyunyizia. Ikiwa ya kijani, pita zako.

Halafu hakuna kilichotokea. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko kukata. Oktoba nzima majani yalibaki yamelegea, hayakuzidi wala hayakupungua, na kila mgeni alikuwa na ushauri. Jani lililolegea muda mrefu lina mikunjo isiyonyooka tena hata mmea ukipona, kwa hiyo si kipimo. Mvua zilikuwa zimeshaanza, na katikati ya Novemba, juu kidogo ya mkaa, ukachomoza kama ncha ya penseli ya rangi: kijani chenye wekundu kidogo, unang'aa. Ulikuwa mzizi. Ulipofika urefu wa kidole nikaanza mbolea, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, tena baada ya kumwagilia maji matupu kwanza.

Jani jipya lilionekana Januari, dogo kuliko ya zamani, jambo la kawaida. Lile lililopasuka lilidondoka lenyewe Februari. Ua bado halijaja na sijaliulizia. Shangazi siku hizi akipita hainyweshi. Anainyanyua na kopo lake kwa mkono mmoja, anaipima uzito, anairudisha.

"Bado nzito," ananiambia, na kwenda zake.